Upanga Kiunoni: Kutoka Mshipi wa Samurai hadi Mkanda wa Sare

Kazi inayonilisha hapa kambini ni kushona viatu, mabegi na mikanda. Kwa hiyo mtu akinionyesha picha ya zamani, jicho langu halianzi usoni, linaanza kiunoni. Naangalia mkanda umefungwa vipi, umebeba nini, na hicho ulichobeba kimeshikwa na nini.

Siku moja kijana alikuja kuchukua kiatu chake, akanionyesha kwenye simu picha ya maafisa wa jeshi la Japani wakati wa Vita vya Pili vya Dunia. Wamejipanga, wamevaa buti ndefu, kila mmoja na upanga mrefu ubavuni kushoto. Akasema, "Ona, fundi, hawa jamaa bado walikuwa samurai. Hawakuacha mila ya mababu." Nikamwambia, "Mdogo wangu, samurai hakubeba hivyo. Hebu angalia upanga umefungwa wapi." Akacheka, akasema upanga ni upanga tu. Tukabishana mpaka gundi ikanikaukia mkononi.

Makala hii ni jibu langu kwake, kwa urefu ambao siku ile sikuwa nao. Nimesoma nilichoweza kupata, na nimeangalia picha nyingi kwa jicho la fundi wa ngozi.

Kabla sijaenda mbali, neno moja. Kwetu ukisema "panga" watu wanafikiria chombo cha shamba, na baadhi yetu wanakumbuka mambo ambayo leo sitayagusa. Mimi nazungumzia upanga, silaha ya askari yenye mpini mrefu na ala ya kuuhifadhi. Nikiandika "panga" kwa wingi, ujue ni hizo.

Tuanze mbali. Katika kipindi kinachoitwa Kamakura, kuanzia mwaka 1185 hadi 1333, samurai alikuwa kwanza kabisa mtu wa farasi na upinde. Upanga wake uliitwa tachi. Ala yake ilizungukwa na pete pana mbili, moja karibu na mdomo wa ala na nyingine chini yake kidogo. Wajapani waliziita ashi, yaani miguu. Kila pete ilikuwa na ukanda wake, na kanda hizo mbili zilifungwa kwenye kamba iliyozunguka kiuno. Upanga ulining'inia ubavuni, umelala, makali yakitazama chini.

Kwa nini pete mbili? Chukua kitu chochote kirefu, ukifunge kiunoni sehemu moja tu, halafu ukimbie. Kitazunguka, kitakupiga mguuni, mwisho kitakuangusha. Ukikifunga sehemu mbili kinatulia. Juu ya farasi anayekwenda mbio, hilo si jambo dogo.

Karne zilizofuata vita vikawa vya watu wengi wanaokwenda kwa miguu. Upanga uliopendwa ukawa katana, na namna ya kuubeba ikageuka kabisa. Haukuning'inizwa tena. Ulichomekwa ndani ya mshipi wa kitambaa, obi, unaozungushwa kiunoni zaidi ya mara moja, na makali sasa yakatazama juu. Faida yake ni kwamba ukiuchomoa, mwendo wa kuchomoa na mwendo wa kukata unakuwa mmoja.

Hapo hakuna kulabu, hakuna bizimu, hakuna pete ya kuning'inizia. Kinachoshika ni mbano wa nguo. Pembeni ya ala kulikuwa na kifundo kidogo chenye tundu. Kifundo kilizuia ala isiteleze ikashuka chini, na kwenye tundu ilipita kamba ya kuifungia ala kwenye mshipi. Basi. Mimi kama fundi nausifu ufundi huo, maana hauna kitu cha kuvunjika.

Mshipi ule ulikuwa nguo ya mtu mwenyewe, anayojifunga asubuhi na kujifungua usiku. Hakupewa na ghala la serikali. Lakini haki ya kuchomeka panga mbili ndani yake, mrefu na mfupi, haikuwa ya kila mtu. Mwaka 1588 mtawala Toyotomi Hideyoshi aliamuru wakulima wanyang'anywe silaha. Waliambiwa eti chuma chao kitatengeneza misumari ya sanamu kubwa ya Buddha, kwa hiyo watapata baraka. Baadaye, chini ya utawala wa ukoo wa Tokugawa, kuanzia 1603, panga mbili mshipini zikawa alama ya samurai. Mtu wa kawaida, hata akiwa na mali, hakuzivaa mpaka apewe ruhusa maalum. Ukikutana na mtu njiani, kiuno chake kilikwambia amezaliwa wapi kabla hajafungua mdomo.

Kulikuwa na adabu yake pia. Samurai akiingia nyumba ya mtu aliuvuta upanga mrefu, pamoja na ala yake, kutoka mshipini. Akiushika kwa mkono wa kulia, maana yake amekuja kwa amani, kwa sababu mkono wa kuchomolea ndio huo huo ulioshika ala. Ukiutazama ule mkono ulijua nia ya mgeni wako.

Sasa tufike kwenye mwaka 1868. Utawala wa Tokugawa umeanguka, mfalme kijana Meiji amewekwa mbele, na viongozi wapya wanataka nchi yenye jeshi kama la Ulaya ili isimezwe na Ulaya. Mwaka 1871 wakatoa tangazo kwamba samurai anaweza kukata nywele na kutembea bila upanga akipenda. Mwaka 1873 wakaanzisha sheria ya kuita vijana wa tabaka zote jeshini, mtoto wa mkulima na mtoto wa samurai pamoja. Halafu tarehe 28 Machi 1876 likaja tangazo la tatu, na hili halikuwa la kupenda wala kutopenda: kubeba upanga hadharani ni marufuku.

Marufuku hiyo ilikuwa na watu walioachwa nje, na hapo ndipo pa kuangalia vizuri. Walioruhusiwa ni waliovaa mavazi rasmi ya sherehe za serikali, na wanajeshi na polisi wenye sare. Yaani upanga haukufutwa. Ulihamishwa. Jana ulikuwa haki ya kuzaliwa, leo umekuwa kibali cha kazi. Ukivua sare, umeuvua na upanga.

Wengine hawakukubali. Mwezi Oktoba 1876, huko Kumamoto, kundi la samurai lapata watu 200 lilivamia kambi ya jeshi usiku, wakiwa wamekataa hata kugusa bunduki kwa sababu ni kitu cha wageni. Walimalizwa. Mwaka uliofuata Saigo Takamori, mmoja wa wale wale walioijenga serikali mpya, aliongoza uasi mkubwa zaidi kutoka Satsuma. Sinema zinaonyesha panga peke yake, lakini watu wa Saigo walikuwa na bunduki na mizinga pia. Walishindwa na jeshi la vijana walioitwa kwa sheria, wengi wao watoto wa wakulima ambao babu zao walinyang'anywa silaha. Kumbe historia nayo ina mizunguko yake.

Basi, jeshi jipya likahitaji upanga mpya. Walimu wa kwanza wa jeshi hilo walikuwa Wafaransa, baadaye wakaja Wajerumani. Upanga wa afisa ukawa wa sura ya Ulaya, wenye kinga ya chuma inayozunguka vidole, ala ya chuma inayong'aa, na pete za kuning'inizia. Sare ilikuwa koti la kubana na suruali. Sasa mshipi wa kitambaa utauzungusha wapi juu ya koti la vifungo? Pakaingia mkanda wa ngozi, na kutoka kwenye mkanda zikashuka kanda za kushika upanga kwa pete zake. Mkandani palikuwa na kulabu ndogo. Afisa akishuka farasini aliinua upanga na kuikwamisha pete ya juu kwenye kulabu hiyo, ala isiburuzike chini.

Lakini si kila kitu kilikubali kuhama. Maafisa wengi wa familia za kisamurai walichukua ubapa wa zamani wa nyumbani kwao, wakaufunga ndani ya mpini na ala ya Kizungu. Wengine walirefusha mpini kidogo ili mikono miwili ienee, kwa sababu walifundishwa kukata kwa mikono miwili na si mmoja. Kwa nje ni afisa wa Prussia, kwa ndani ni chuma cha babu. Wengi wetu tunaoishi ugenini tunaijua hali hiyo.

Polisi nao walipewa upanga wa kuning'inia mkandani. Halafu jambo hilo likavuka bahari. Japani ilipoichukua Korea mwaka 1910, utawala wake wa mwanzo ulikuwa wa kijeshi waziwazi, na hata walimu wa shule walivaa sare na upanga. Hebu fikiria mtoto wa darasa la kwanza anajifunza kusoma, na mwalimu akigeuka kuandika ubaoni, ala inagonga meza. Machi 1919 Wakorea walijitokeza nchi nzima kudai uhuru. Wengi waliuawa. Lakini baada ya hapo watawala walibadilisha sura ya utawala wao, na kati ya mambo waliyoyafanya ni kuwavua walimu na watumishi wa kiraia zile panga. Utawala wenyewe ulibaki hadi 1945. Hata hivyo walijua ni kitu gani kwenye mkanda kilichowachoma watu zaidi.

Turudi kwa kijana wangu na picha yake. Panga alizoziona hazikuwa za sura ya Ulaya. Zilikuwa na mpini mrefu uliofungwa kwa uzi kama za zamani, na kinga ya duara. Ndiyo maana alisema ni samurai. Sasa nieleze zilitoka wapi.

Mwaka 1931 jeshi la Japani liliivamia Manchuria. Miaka iliyofuata wanasiasa na majenerali walipiga kelele sana juu ya "roho ya Kijapani". Mmoja wao alikuwa Araki Sadao, waziri wa jeshi. Mwaka 1933 kilianzishwa kiwanda cha kufua panga kwa njia ya jadi ndani ya eneo la hekalu la Yasukuni, Tokyo. Na mwaka 1934 jeshi likapitisha upanga mpya wa maafisa, aina ya 94. Namba hiyo inatoka kwenye hesabu yao ya miaka tangu mfalme wa kwanza wa hadithi, ambayo mwaka 1934 ilikuwa 2594. Hata namba ya upanga ilitakiwa ikukumbushe zamani.

Na walichagua zamani gani? Hapa ndipo nilipotaka kufika. Samurai wa miaka zaidi ya 250 ya mwisho, babu na baba wa babu wa maafisa wale, alichomeka katana mshipini, makali juu. Upanga wa 1934 haukufuata huo. Uliruka juu ya vichwa vyao, ukaenda kuchukua sura ya tachi ya Kamakura, wa miaka 600 na zaidi nyuma. Sababu iliyosemwa ilikuwa heshima ya enzi ile ya wapiganaji wakubwa. Sikatai. Ila mimi kama fundi naona na jambo jingine. Tachi ulikuwa upanga wa kuning'inia, wenye pete. Na afisa wa 1934 alikuwa amevaa mkanda wa Kizungu, ambao unataka kitu chenye pete. Katana ya babu haina mahali pa kukaa kwenye sare ile. Tachi ilikubali. Mkanda ulibaki wa mgeni, na mila ikatafutwa mpaka ikapatikana inayoingia kwenye mkanda.

Nieleze ulivyofungwa, maana ndiyo kazi yangu. Ala ya aina ya 94 ilikuwa ya chuma kilichopakwa rangi, na juu yake pete mbili, zile ashi, miguu. Mkanda wa upanga ulivaliwa ndani ya koti. Ubavu wa kushoto wa koti uliachwa mwanya, na katika mwanya huo ulitoka ukanda mfupi wa ngozi au mnyororo mfupi, mwishoni una kulabu ya kubana. Kulabu hiyo ilikamata pete ya ala. Ukimwona afisa kwa mbele hukuona mkanda kabisa, uliona upanga tu kana kwamba umeota ubavuni. Vitani wengine waliufunga mkanda juu ya koti, kwa urahisi. Ili ubapa usichomoke wenyewe mtu akiinama, kwenye mpini kuliwekwa kitufe kidogo cha kubonyeza kinachoufunga ndani ya ala. Kitufe hicho tachi ya Kamakura haikuwa nacho.

Sasa sikiliza. Pete ya pili ilitengenezwa iweze kuvuliwa. Siku ya sherehe afisa aliiweka, kanda mbili zikashika, upanga ukalala vizuri kama wa zamani. Siku ya kazi aliivua, akabaki na pete moja, upanga ukaning'inia karibu wima. Mwaka 1938 ikaja aina ya 98, na hii ilikuwa na pete moja tu. Yaani miaka minne tu baada ya kutangaza kurudi kwenye enzi za mababu, mguu mmoja wa mababu ukakatwa, kwa sababu vita vya China vilikuwa vimeshapamba moto na jeshi lilitaka kitu chepesi kutengeneza. Wakati wa farasi ule mguu wa pili ulifanya kazi. Wakati huu ulikuwa wa kuonyesha.

Chini ya maafisa kulikuwa na watu wengine, na ukitaka kujua jeshi lilivyokuwa, shuka ngazi moja moja ukiangalia mkanda. Afisa alijinunulia upanga wake mwenyewe, na ndani ya ala aliweza kuweka ubapa wa ukoo au wa kiwandani. Kwenye mpini alifunga kishada chenye rangi ya cheo: nyekundu na dhahabu kwa jenerali, nyekundu kwa maafisa wakubwa, buluu kwa maafisa wadogo. Sajini alipewa na serikali upanga wa aina ya 95, wa mwaka 1935. Ulitoka kiwandani, una namba iliyogongwa kwenye ubapa, na mpini wake wa mwanzo ulikuwa wa metali ya kumimina, umechorwa na kupakwa rangi ili uonekane kama umefungwa uzi. Uzi wenyewe haukuwepo! Ala yake ilikuwa na pete moja.

Na askari wa kawaida, yule mtoto wa mkulima? Yeye hakuwa na upanga. Mkandani kwake kulikuwa na mikoba ya risasi, miwili mbele yenye risasi 30 kila mmoja, mmoja nyuma wenye 60. Na kushoto, ndani ya kishikio cha ngozi kilichopitishwa kwenye mkanda, palikaa singe ya bunduki. Vita vilivyoendelea na ngozi ikaadimika, vishikio hivyo vikatengenezwa kwa turubai lenye mpira. Kijana huyo aliambiwa kila siku kwamba yeye ni mrithi wa samurai. Kumbe mwaka 1588 babu zake ndio walionyang'anywa panga.

Kwa nini nahangaika na pete na kulabu, wakati dunia ina mambo makubwa? Kwa sababu maneno yale ya roho na mababu hayakubaki maneno. China na nchi za kusini mashariki mwa Asia, panga hizo hizo zilikata vichwa vya mateka na raia waliofungwa mikono, na mahakama za baada ya vita zilisikiliza ushahidi huo. Aliyefanya hivyo aliweza kujiambia kwamba anafuata mila. Lakini mila hiyo ilipitishwa kwa amri mwaka 1934, ikashonewa mwanya kwenye koti, na sehemu yake nyingine ilikuwa rangi juu ya chuma cha kiwandani.

Na sisi tupo ndani ya hadithi hii zaidi ya tunavyodhani. Mwaka 1944 Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki ilipigana na jeshi la Japani huko Burma, nchi ambayo wazee wetu waliita Bama. Walikuwemo askari wa Keya kutoka Kenya, Uganda, Tanganyika na Nyasaland. Walishuka Bonde la Kabaw wakati wa mvua kubwa, kwenye matope na malaria, na tarehe 2 Desemba 1944 wakaingia Kalewa, kando ya mto Chindwin. Pamoja nao kulikuwa na hospitali ya vita kutoka Kongo ya Wabelgiji, wauguzi na wabebaji Wakongomani waliokuwa wakiwatibu majeruhi mbali kabisa na kwao. Kiswahili kilisikika kwenye msitu ule. Watu hao walikutana na upanga wa aina ya 94 na 98 si kwenye picha, bali kwenye kiuno cha mtu anayekuja kuwaua.

Msituni upanga ulionyesha ukweli wake. Chuma kinang'aa na kinagonga, kwa hiyo maafisa walivalisha ala kifuniko cha ngozi, na nyingine zilitengenezwa za mbao ili ziwe nyepesi. Upanga mrefu unakwama kwenye vichaka. Na ulimtambulisha mwenye cheo kwa watu wake, na pia kwa mlengaji wa upande wa pili. Mbele ya bunduki ya rashasha haukufaa kitu. Lakini waliendelea kuubeba, maana kuuacha ilikuwa kama kuvua cheo.

Agosti 1945 Japani ilisalimu amri. Huko kusini mashariki mwa Asia kamanda wa Waingereza, Mountbatten, alisisitiza kwamba maafisa wa Japani wakabidhi panga zao kwa mikono yao, mbele ya watu. Tarehe 30 Novemba 1945, mjini Saigon, Terauchi, mkuu wa majeshi ya Japani katika eneo lote lile, alimkabidhi za kwake. Naye Jenerali Slim, aliyeongoza jeshi ambalo Keya walikuwa ndani yake, alichukua upanga wa Jenerali Kimura, kamanda wa Wajapani nchini Burma, akaenda kuuweka juu ya meko sebuleni kwake. Kimura alihukumiwa Tokyo, akanyongwa Desemba 1948.

Ni kulabu moja tu ya kufungua, ukanda unabaki unaning'inia mtupu. Nafikiri hapo ndipo tofauti ya mshipi na mkanda inaonekana vizuri. Upanga uliotolewa na serikali kupitia mkanda wa sare ulikuwa wa kuazima, hata kama mtu aliununua kwa pesa yake. Serikali ile iliposhindwa, kibali kilikwisha siku hiyo hiyo.

Japani yenyewe panga nyingi zilikusanywa, nyingine zikatupwa baharini au kuyeyushwa, nyingine zikaenda Marekani ndani ya mizigo ya askari. Wataalamu wachache waliwasihi Wamarekani waziache zile zilizofuliwa kwa mkono, wakisema ni sanaa. Walisikilizwa, na mwaka 1948 kikaundwa chama cha kuzihifadhi. Leo mtu wa Japani anaweza kumiliki upanga uliofuliwa kwa njia ya jadi, ukiwa umesajiliwa kama kazi ya sanaa. Ule wa kiwandani wa sajini hausajiliwi. Sheria inaangalia ubapa. Habari ya mkanda haipo tena.

Sasa wewe mdogo wangu, uliyeniletea picha. Siwachukii watu wa picha ile, wengine walikuwa na umri wako. Nataka tu ujue ulichokiona. Uliona mkanda wa Ulaya umebeba upanga wa Kamakura uliokatwa mguu mmoja, ukivaliwa kwa ruhusa ya wizara. Mtu aliyewaambia kwamba hiyo ndiyo damu ya mababu alikuwa na vita anavyotaka wamalizie.

Sisi hapa tumetoka sehemu ambazo vijana waliitwa kwa maneno ya namna hiyo. Waliambiwa ukoo wetu ulikuwa wa mashujaa, babu yako hakukimbia, chukua hiki uvae. Na kila mmoja wetu amewahi kusimamishwa kwenye kizuizi na mtu ambaye cheti chake chote kilikuwa mkanda na kilichoning'inia hapo. Sisemi mila ni uongo. Mama yangu alinifundisha mila ambazo nitazifuata mpaka kaburini. Nasema mtu akikuletea mila pamoja na sare, igeuze. Angalia upande wa ndani, palipofungwa. Uliza imetengenezwa lini, na nani, na kama babu mwenyewe angeitambua.

Wale wenye wazee waliokuwa Keya au kwenye ile hospitali ya Kongo, kama mnayo picha au hadithi waliyowaachia, njooni nayo kibandani kwangu karibu na kisima. Chai ipo. Na yule kijana naye aje, bado ananidai kiatu kimoja.